Majina ya Waliozikwa Nakivale

Wasikilizaji mlio mjini Mbarara na mlio nje yake, mlio Kabingo, Kabuyanda na Kikagati, leo nakusudia kusema hasa na wale walio Nakivale. Saa hii ya jioni, matangazo ya vifo yakiisha kusomwa na taarifa ya habari haijaanza, ndiyo saa ambayo redio katika nchi ya Ankole husikilizwa kwa makini kupita saa nyingine yoyote, kwa kuwa mtu aweza kuikosa hotuba ya waziri asidhurike, lakini akikosa kusikia kwamba mjomba wake amefariki dunia na kwamba maziko ni kesho saa nane mchana, aibu ya kutokuwapo kwake haitafutika umri wake wote.

Tangazo la kifo lina taratibu zake, na taratibu hizo zina adabu kubwa. Hutangulia jina la marehemu, likafuata jina la baba yake na la kijiji chake, kisha hospitali au nyumba alimokata roho, kisha siku na saa ya maziko, na mwisho husomwa orodha ndefu ya wale ambao habari iwafikie: mwana aliye Kampala, binti aliyeolewa Bushenyi, shemeji aliye mwalimu Ntungamo, wajukuu walio Rukungiri. Mgeni huiona orodha hiyo kuwa ni maneno mengi yasiyo faida, ilhali mwenyeji huisikiliza kwa utulivu kuliko sehemu nyingine zote, maana kwa orodha hiyo peke yake aweza kutambua marehemu alikuwa nani, alizaa wangapi, aliwaoza wapi binti zake, na ni kina nani watakaomlilia. Ni wasifu mfupi kabisa wa mtu ambaye hakuandikwa kitabuni, na ambaye pengine hakupata kutajwa redioni siku yoyote ila hiyo.

Nimeyasikiliza matangazo hayo kwa miaka mingi, na jambo moja limenikaa moyoni hata nimeona ni wajibu wangu kulisema hadharani: ni nadra sana kusikia ndani yake jina la mtu wa Nakivale. Nanyi mnajua kwamba Nakivale, makazi ya wakimbizi, haiko mbali. Iko katika wilaya ya Isingiro, mwendo wa kilomita 50 au 60 kutoka hapa, kandokando ya ziwa lenye jina hilo hilo, nayo ina watu zaidi ya 200,000, idadi isiyo mbali sana na ile ya jiji la Mbarara lenyewe. Watu wengi kadiri hiyo hawawezi kumaliza hata juma moja bila ya kuzaa na kufiwa. Wanakufa kwa malaria, kwa uzazi, kwa uzee, kwa ajali za pikipiki katika barabara ya vumbi. Wengine huletwa hapa katika hospitali ya rufaa na kurudi wamefunikwa shuka. Huzikwa, huliliwa, na sisi wa mjini hatupati habari.

Baadhi ya sababu za jambo hili ziko wazi. Tangazo hulipiwa, na mwenye msiba aliyekwisha nunua mbao za jeneza hana cha kulipia tangazo. Tena husomwa kwa Kinyankore, lugha ambayo mjane wa kutoka Uvira au Kismayu huisikia bila ya kuielewa sawasawa. Na wale ambao habari iwafikie hawako Bushenyi wala Ntungamo. Wako Rutshuru, Bukavu, Bujumbura, Kigali, Nairobi, na wengine wamekwisha vuka bahari wako Texas au Australia, ambako mnara wetu haufiki. Siku hizi ujumbe wa kifo hupita katika simu, kwa sauti ya mtu anayelia, na kabla ya jogoo kuwika umekwisha zunguka mabara matatu. Ni neema kubwa, wala sitaki kuidharau. Lakini simu huibiwa, huvunjika, huuzwa mtu akipatwa na dhiki, na sauti iliyokuwa ndani yake hupotea pamoja nayo, kisha asiwepo awezaye kusema ni mwaka gani marehemu alifika Uganda wala alikuwa akifanya kazi gani.

Iko sababu nyingine, ya ndani zaidi, nayo ndiyo ninayotaka kuigusa. Sisi tulio nje ya Nakivale, na hata baadhi ya walio ndani yake, tumejizoeza kudhani kwamba pale ni mahali pa kupita tu, na kwamba mpitaji hana tarikhi mpaka afike aendako. Dhana hii ingeweza kusamehewa kama mahali penyewe pangekuwa pa jana au juzi. Nakivale iliasisiwa mwaka 1958, na mwaka 1960 ikatangazwa katika Gazeti la Serikali kuwa makazi ya wakimbizi, Uganda ikingali chini ya himaya ya Waingereza. Watutsi wa Rwanda waliokimbia fitina na mauaji ya kwao ndio waliotangulia, wakapewa nyika yenye mbung'o ambayo wenye ng'ombe wa Ankole walikuwa wakiikwepa. Tangu hapo haikuwaka vita katika nchi za Maziwa Makuu, wala haikuzuka fitina kubwa katika Pembe ya Afrika, ila ilileta watu wake pale: Wahutu wa Rwanda baada ya maangamizi ya mwaka 1994, Wasomali walioikimbia Mogadishu, Wakongomani wa Kivu kundi baada ya kundi, Warundi wa mwaka 2015, Waethiopia na Waeritrea. Bendera ya Uganda ilipopandishwa mwaka 1962 Nakivale ilikuwako, na mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule wa tangazo leo ni babu mwenye mvi.

Tena walio wengi ni wakulima. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa ruhusa ya kufanya kazi na ya kwenda watakako nchini, na desturi ya Uganda, tangu zamani, ni kumpa mgeni kiwanja cha kujenga na kipande cha kulima, ingawa kipande hicho kimekuwa kikipungua mwaka hata mwaka kwa kadiri watu wanavyozidi. Pitieni sehemu za Nakivale kama Kashojwa, Kabazana, Juru au Rubondo wakati wa mavuno, mtaona mahindi yameanikwa juu ya maturubai, maharage yanapepetwa uani, na malori ya wafanyabiashara wa Mbarara yakingoja kupakiwa. Na usiku mtawasikia walio karibu na ziwa wakipiga madebe kuwafukuza viboko wasimalize shamba. Huo ni mji wa wakulima kwa kila sifa iliyo na maana, na mji wa wakulima huwa na habari zake: nani amepata mtoto, nani ameuza mbuzi akamsomesha binti yake, nani amegombana na jirani kwa sababu ya mpaka, nani amekufa.

Lakini habari za Nakivale zinazotoka nje hutoka kwa hesabu. Hutangazwa kwamba wamefika elfu kadha, wamepunguziwa chakula asilimia kadha, wamehitaji fedha milioni kadha. Mwaka 2018 Serikali na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, waliwahesabu upya wakimbizi wa Uganda nzima, kwa alama za vidole na kwa mboni za macho, na idadi iliyokuwa ikitajwa kuwa milioni 1.4 ikashuka hadi kiasi cha milioni 1.1. Sikatai faida ya hesabu. Asiyehesabiwa hapati posho. Ila inanihuzunisha kuona kwamba mtu akifa kule, alama kubwa anayoacha katika maandishi ya dunia ni kufutwa: jina lake hutolewa katika karatasi ya familia, na mgao hupunguzwa kwa kinywa kimoja. Sheria ya nchi ya mwaka 2015 inataka kila kuzaliwa na kila kufa kusajiliwe, na wenye kuweza kupata hati ya kifo wanafanya vyema kuitafuta. Lakini hati hiyo nayo husema mtu amekufa lini na kwa ugonjwa gani, haisemi aliishije.

Sasa niruhusuni niwatazame wenyeji, kwa sababu katika Ankole iko desturi ambayo naipenda na ambayo naamini ina mafunzo kwa jambo hili. Katika vilima vyetu vimekuwapo tangu zamani vyama vya engozi. Engozi ni machela ya kusukwa, yenye miti miwili ya kubebea, na watu wa kijiji kimoja hujiunga ili mgonjwa akizidiwa wamchukue kwa zamu, wanne wakibeba na wanne wakipumzika, wakipanda na kushuka milima mpaka hospitali. Na akifa huko, wao ndio humrudisha, wakachimba kaburi na kumzika. Kila mwanachama ana jina lake katika daftari, na asiyetokea bila ya udhuru hutozwa faini. Barabara zimeongezeka na pikipiki zimeingia kila kichochoro, lakini vyama hivi havikufa. Katika vijiji vingi vimegeuka kuwa vyama vya maziko, vyenye turubai lao, viti vyao na masufuria yao, na vingine vimekuwa njia ya watu kuchangiana gharama za matibabu. Mzee wa Kinyankore atakwambia kwamba mtu asiye na engozi hana jirani.

Watu wa Nakivale hawakuchelewa kujipatia cha namna hiyo, wengine kwa kuiga wenyeji na wengine kwa kuleta desturi ya kwao. Wasomali na Waislamu wengine huharakisha maziko siku ile ile, kisha husoma khitima, na ubani hupita mkono kwa mkono bila ya maandishi mengi. Wakongomani hukesha matanga usiku kucha kwa nyimbo za dini, na ndugu wa mbali huvuka kanda nzima kwa miguu ili waonekane. Warundi na Wanyarwanda huketi kimya kirefu, na siku ya kumaliza msiba mzee husimama akaeleza deni na amana za marehemu mbele ya watu. Na katika vijiji vilivyochanganyika, ambavyo ni vingi, utamkuta Mrundi akichimba kaburi la Mkongomani, na Mnyarwanda akipasua kuni za kumpikia Msomali aliyekuja kuhani.

Nimepata kuonyeshwa daftari la matanga la kijiji kimoja cha namna hii. Ni daftari la shule, lile ambalo nyuma ya jalada lina jedwali la kuzidisha, limefungwa kwa uzi mweusi kwa sababu gundi yake imeachia, na kila ukurasa umepigwa mstari wa rula kwa penseli kuwatenga wachangaji na vitu walivyoleta. Mmoja ameleta unga kilo mbili. Mwingine shilingi elfu moja. Mwingine maji madumu matatu. Mwingine mzigo wa kuni. Na mbele ya jina la kijana mmoja, ambaye nadhani hakuwa na kitu nyumbani siku hiyo, mweka hazina ameandika kwa herufi nzuri sana neno moja tu: amechimba. Mwandiko hubadilika kila baada ya kurasa kadha, kwa kuwa waweka hazina hubadilika, wengine wakaenda ng'ambo, wengine wakarudi kwao, na mmoja, kama nilivyoelezwa, yeye mwenyewe akawa ndiye msiba wa ukurasa uliofuata. Nililifunua daftari lile tangu mwanzo mpaka mwisho kwa mastaajabu na kwa heshima. Kila aliyetoa kikombe cha chumvi ameandikwa. Aliyekufa hakuandikwa. Juu ya ukurasa pameandikwa msiba wa mama wa fulani, au msiba wa nyumba ya fulani, na tarehe, basi.

Wenyewe hawana lawama. Daftari lile ni la deni na wema; huandikwa ili mwaka ujao, msiba ukihamia nyumba nyingine, ijulikane nani alimfaa nani. Marehemu hana tena cha kudaiwa wala cha kurudishiwa, ndiyo sababu hakuwekewa mstari. Lakini pale pale, wakati hadithi zake zingali mbichi midomoni mwa watu, wakati waliomjua wameketi pamoja juu ya mikeka na hawana shughuli nyingine mpaka alfajiri, pana kalamu na pana karatasi, na pana mtu ajuaye kuandika.

Nitawaeleza habari za mtu mmoja, nikificha jina lake kwa sababu jamaa zake hawajaniruhusu kulitaja. Alikuwa bibi wa Kinyarwanda, naye aliingia Nakivale akiwa mtoto, akishika mkono wa mama yake, katika miaka ile ya kwanza kabisa. Ng'ombe waliofika nao walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, na baba yake, aliyekuwa hajapata kushika jembe, akajifunza kulima katika mashamba ya mahindi ya watu. Alipokuwa mwanamwali aliolewa nje ya makazi, wakapata shamba kwa jasho lao. Na mwezi wa Oktoba mwaka 1982, watawala wa wakati ule walipowafukuza Wanyarwanda katika sehemu hizi, nyumba zikachomwa na maelfu wakasukumwa ama mpakani ama makambini, alirudi Nakivale na watoto na sufuria moja kichwani. Vijana wa ukoo wake walikuwa miongoni mwa waliovuka mpaka wa Kagitumba kuingia Rwanda kwa vita tarehe 1 Oktoba 1990, na baada ya mwaka 1994 ndugu zake wakarejea Rwanda, wakamwita mara nyingi. Hakwenda. Alisema mume wake na watoto wake wawili wamelala hapa, na hawezi kuwaacha katika nchi ambayo wengine wote wanasema ni ya kupita.

Katika uzee wake alikuwa mkunga. Wakati ambapo zahanati ilikuwa mbali na njia haikuwa na pikipiki, aliamshwa usiku na watu ambao lugha zao hakuzijua, akawafuata kwa taa ya kibatari, akazalisha wake wa Kikongomani na wa Kirundi na wa Kisomali, akiwatuliza kwa Kiswahili cha maneno machache alichojifunzia sokoni. Wako watu wazima leo, wengine wako Marekani, wengine wana shahada za Chuo Kikuu cha hapa Mbarara, ambao mikono ya kwanza kuwapokea duniani ilikuwa mikono ya bibi huyo. Alipofariki, walihudhuria watu wengi hata majirani wakaazima viti katika vijiji vya mbali. Ukurasa wake katika daftari umejaa pande zote mbili, na juu yake pameandikwa kwamba ni msiba wa nyumba ya mkwe wake. Ndugu zangu, hii ni tarikhi ya Afrika ya Mashariki ya miaka 60 iliyopita katika umri wa mwanamke mmoja, na imebaki midomoni mwa watu ambao nao wanazeeka.

Msiba wa pili ni wa namna ambayo wazee wetu hawakuijua. Mwalimu mmoja alitoka Masisi, huko Kongo, katika vita vya mwaka 2008, akaanza kufundisha watoto chini ya turubai bila ya mshahara, kwanza kwa Kifaransa, kisha, alipoona kwamba mitihani ya Uganda haiulizwi kwa Kifaransa, akajifunza Kiingereza ukubwani ili awafundishe kwacho, akisoma usiku somo ambalo angelitoa asubuhi. Kesi yake ya kwenda ng'ambo ilikaa miaka mingi, hata ikaja siku akaitwa, akapanda basi na familia yake, na kijiji kizima kikamsindikiza. Aliishi huko muda usiotosha kuzoea baridi, akafa. Alizikwa huko, na huku nyumbani, naam, nasema nyumbani, wanafunzi wake wa zamani waliweka matanga bila ya maiti: picha yake, iliyochapwa katika studio moja hapa mjini, iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na watu wakaja kuipigia magoti. Hawakupata kusoma maneno yoyote juu yake, kwa sababu aliyekuwa akiyajua yote ni yeye.

Watu wa namna hii wanapungua kwa njia nyingi. Zamani tulisema Nakivale inawapoteza watu wake kwa safari za ng'ambo. Tangu Januari mwaka 2025, Marekani ilipoufunga mlango wa kuwapokea wakimbizi, wako waliokwisha uza mbuzi, vitanda na mazao ya shambani, wakiwa na tarehe ya ndege mkononi, na mpaka leo wanaishi katika nyumba ambazo walikuwa wamekwisha waaga majirani zake. Mwaka huo huo fedha za chakula zilipokatika, watu karibu milioni moja katika Uganda nzima waliondolewa katika mgao wa Shirika la Chakula Duniani (WFP). Na mapema mwaka ule miji ya Goma na Bukavu huko Kongo ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, na wageni wapya wakaingia wakati ambapo wenyeji wa zamani hawana cha kuwakaribishia. Mtu mwenye njaa ana haki ya kuniuliza, wewe unatutaka tuandike wasifu wa maiti? Namjibu kwa unyenyekevu kwamba daftari lenyewe tayari mnalo, na kalamu mnayo, na matanga mnayakesha kwa njaa na kwa shibe. Naomba ukurasa mmoja wa ziada.

Wala tusidhani kwamba maisha ya maskini si maada ya kalamu. Mwandishi wetu mkubwa, marhumu Shaaban Robert, alipotaka kuandika wasifu wa mtu, aliwaacha masultani akamchagua Siti binti Saad, binti wa mama mfinyanzi wa Fumba katika Unguja, aliyeanza kwa kutembeza vyungu vya kuuza kabla sauti yake haijamfikisha Bombay kurekodi sahani za santuri. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilipendwa na wasomaji wake pamoja na mambo mengine kwa sababu lilikubali habari za wilayani zilizoandikwa na watu wa huko huko, makarani na walimu wa vijijini, waliotaja mvua iliyonyesha, nzige waliopita na mzee aliyefariki. Leo mwanachuo akitaka kujua watu wa Tanganyika waliishije zama zile, hukimbilia habari hizo ndogo ndogo kabla ya ripoti za magavana.

Basi nataja mambo ambayo ukurasa huo uwe nayo, nanyi mwaweza kuongeza. Jina kamili la marehemu, na jina ambalo kijiji kilimwita kwalo, maana mara nyingi hilo ndilo lenye habari. Mahali alipozaliwa, kijiji na kilima, wala isiwe Kongo tu au Burundi tu. Mwaka aliofika, na njia aliyopita, Bunagana, Kikagati, Mutukula au kwingineko. Kazi alizofanya, kule na huku. Jambo moja alilolifanya ambalo mtu aliyekaa pale msibani analikumbuka kwa macho yake, na jina la huyo anayekumbuka. Na mahali lilipo kaburi, kwa alama zisizohama kama mwamba au mwembe, kwa kuwa misalaba ya miti huliwa na mchwa, na wajukuu watakapokuja kutoka mbali kutafuta, na wameanza kuja, hukuta majani.

Najua iko khofu, nayo ni ya haki. Wako waliokimbia maadui wenye majina, ambao hadi leo hawapendi jina lao wenyewe lisikike hewani, na mimi nakumbuka kama mnavyokumbuka mwezi wa Julai mwaka 2010, Wanyarwanda wapatao 1,700 walipopakiwa katika malori hapo Nakivale na katika makazi mengine ya Kyaka II na kurudishwa kwao kwa nguvu, wengine wakaruka garini. Mtu aliyeyaona hayo ana sababu ya kuogopa karatasi. Kwa ajili hiyo nasema daftari likae mikononi mwa kijiji chenyewe, kwa mweka hazina yule yule wa matanga. Lisipelekwe katika afisi yoyote, lisipigwe picha, na ukurasa usisomwe nje ya kijiji ila kwa idhini ya wafiwa. Wakikataa jina, ukurasa uandikwe bila ya jina. Wakikataa vyote, wapewe pole na waachwe.

Na lugha iwe Kiswahili, kwa sababu hapana nyingine ambayo Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali wa Nakivale wanakutana ndani yake. Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi na kifundishwe mashuleni. Watu wa Nakivale walikwisha kukitumia kuulizana hali na kuzikana miaka mingi kabla ya kikao hicho. Msiogope walimu wa sarufi. Kiswahili cha Kivu kina njia zake, na tanzia iliyoandikwa jinsi mama wa marehemu alivyosema ni bora kuliko ile iliyosafishwa mpaka mama mwenyewe asiitambue.

Wakuu wa redio hii wamenipa idhini, nami nawashukuru, ya kusoma tanzia za Nakivale siku ya Jumapili, baada ya matangazo ya vifo, bila ya malipo. Za kwanza nimekwisha zipata kutoka Kashojwa na Rubondo, zimeandikwa kwa ridhaa ya wenyewe, na nitazisoma juma lijalo kama zilivyo. Walio na nyingine wampe mwalimu wa kijiji au dereva wa teksi ya Kabingo aniletee mjini. Maandishi ya penseli yanafaa, na asiyejua kuandika amsimulie mtoto wake wa shule. Muhimu ni kwamba chini pawe na jina la aliyesimulia na la aliyeandika, na neno moja la wafiwa kwamba wameridhia.